Wasomaji Wanauliza: Baiskeli Katika Mabonde na Misitu ya Morvan

Barua za mara hii zinahusu Morvan, nchi ya vilima, mito na misitu huko Bourgogne, Ufaransa. Tumezifupisha.

SWALI: Natokea Bukavu, sasa naishi Lyon. Wenzangu kila kiangazi wanakimbilia Alps, lakini mimi sitaki kupandishwa mlima kwa lifti. Nataka misitu na mito. Nianzie wapi, na mwezi gani? – *Msomaji, Lyon*

JIBU: Anzia Avallon, mji mdogo uliokaa juu ya bonde la mto Cousin; treni inafika. Hapo ndipo inapoanzia GTMC, njia ya baiskeli za milimani inayokata Massif Central yote, nyanda za juu za katikati ya Ufaransa, hadi Le Cap d'Agde kwenye Mediterania, kilomita zipatazo 1,400. Si lazima uimalize. Kwa mara ya kwanza, siku tatu za kwenda bwawa la Settons na kurudi zinatosha.

Kilele kirefu kuliko vyote Morvan, Haut-Folin, kina mita 901 tu, na mtu wa Bukavu anaweza kucheka. Asicheke bado. Njia inashuka hadi kijito, inapanda, inashuka tena, hivyo hivyo kutwa. Halafu kuna maji. Mvua inapita milimita 1,000 kwa mwaka, na chini ya udongo mwembamba kuna mwamba wa graniti usiopitisha maji, kwa hiyo yanabaki juu juu, kwenye mizizi na majani yaliyooza. Ndiyo maana tunapendekeza mwisho wa Mei hadi katikati ya Septemba. Kuanzia Novemba hadi Machi utasukuma baiskeli kuliko utakavyoiendesha.

Nunua ramani ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, ya 1:25,000, ambayo sentimita 4 ni kilomita moja. Njia za baiskeli zimewekwa alama ya pembetatu na duara mbili. Rangi inaonyesha ugumu: kijani, buluu, nyekundu, nyeusi. Mistari ya nyeupe na nyekundu iliyopakwa kwenye miti ni ya GR, njia ndefu za watembea kwa miguu. Ukiifuata tu kwa mazoea utajikuta umebeba baiskeli begani.

SWALI: Nina kilo 75, tairi za inchi 29 kwa 2.4. Nijaze upepo kiasi gani? Napata pancha za matundu mawili mawili. – *Msomaji, Dijon*

JIBU: Matundu mawili yaliyokaa sambamba ni alama ya tyubu kubanwa kati ya rimu na jiwe: upepo ulikuwa mdogo. Kwa uzito wako, ukitumia tyubu, weka bar 1.8 mbele na 2.0 nyuma (PSI 26 na 29). Afadhali uachane na tyubu kabisa. Ziba rimu kwa utepe wake, mimina mililita 100 hadi 120 za maji ya kuziba pancha kwa kila tairi, kisha shuka hadi bar 1.5 mbele na 1.7 nyuma (PSI 22 na 25). Tairi laini hujikunja juu ya mzizi uliolowa badala ya kuteleza. Maji hayo hukauka. Tikisa gurudumu kila baada ya miezi miwili au mitatu, na usiposikia kitu kikicheza ndani, ongeza.

SWALI: Njia ikikatizwa na mto, nipite nikiwa juu ya baiskeli au nishuke? – *Msomaji, Brussels*

JIBU: Kwanza tafuta daraja, na sababu si woga. Katika Cousin na vijito vyake wanaishi kome wa lulu wa maji baridi, viumbe adimu wanaojichimbia kwenye changarawe safi. Gurudumu linapotibua matope, changarawe hiyo inaziba. Basi pita majini pale tu ambapo njia yenyewe iliyowekewa alama inapita.

Ukifika hapo, simama utazame. Kama huoni chini, shuka. Kama maji yanafikia habu, yaani kitovu cha gurudumu, shuka pia, kwa sababu yakizidi hapo yanaanza kuingia kwenye bearingi, na mkondo unapata sehemu kubwa ya kukusukuma. Yakiwa chini ya hapo, ingia gea nyepesi kabla ya kugusa maji, nenda kwa kasi ya mtu anayekimbia taratibu, kanyaga mfululizo bila kuvunja mwendo, macho yawe ng'ambo. Wengi huanguka kwa sababu wanatazama gurudumu la mbele, halafu wanashika breki juu ya jiwe lenye utelezi.

Ukivuka kwa miguu, baiskeli iwe upande wa chini ya mkondo, usiiweke upande mkondo unakotoka. Mto ukiivuta isije ikakuangukia miguuni. Maji yenye kasi yakifika magotini, rudi.

Chini ya mabwawa kuna hatari nyingine. Settons lilijengwa karne ya 19 ili kuongeza maji ya kusafirishia magogo ya kuni hadi Paris. Leo maji hufunguliwa pia kwa ajili ya mitumbwi ya michezo, hasa kwenye mto Chalaux chini ya bwawa la Chaumeçon. Kijito cha kufika kifundoni asubuhi chaweza kuwa kingine kabisa baadaye bila tone la mvua. Usipumzike wala kula katikati ya changarawe za mto, hata jua liwe kali vipi.

Baada ya kuvuka, bana breki zote mbili kidogo kwa mita chache ili diski zikauke. Kinachobaki ni mchanga wa graniti, na huo husaga pedi kama msasa. Pedi za resini zinaweza kwisha kwa siku moja ya mvua; chukua za metali, zina kelele lakini zinadumu. Ikibaki nusu milimita ya pedi, badilisha. Kabla ya kuvua zilizokwisha, zitumie kurudisha pistoni ndani kwa kipande bapa cha plastiki, na usibane breki gurudumu likiwa nje. Pedi mpya haishiki vizuri hadi uizoeshe: kimbia kilomita 20 kwa saa, punguza hadi mwendo wa kutembea, rudia mara 20.

SWALI: Tawi liliingia kwenye cheni na kibadilishi cha gea cha nyuma kikavunjika, kilomita nyingi kutoka kijijini. Nilipaswa kufanya nini? – *Msomaji, Paris*

JIBU: Hili ni la kawaida Morvan, maana misonobari ya Douglas inavunwa kila mahali na matawi yanaachwa njiani. Ukisikia tawi likigonga spoki, acha kukanyaga papo hapo. Mara nyingi si tawi linalovunja; ni mguu wako ulioendelea kusukuma.

Tazama kilichokatika. Kama ni kile kipande kidogo cha alumini kinachounganisha kibadilishi na fremu, kimetengenezwa kivunjike kabla ya fremu. Beba cha akiba, cha fremu yako hasa, kwani maumbo ni mengi. Kama kibadilishi chenyewe kimekwenda, geuza baiskeli iwe ya gea moja. Fungua kiungo cha cheni, ondoa kibadilishi, pitisha cheni kwenye meno ya katikati ya nyuma yanayonyooka sawasawa na ya mbele, ikate kwa kifaa chake, uiunge. Ikikaa mshazari itapanda jino kubwa zaidi na kukaza hadi ikatike. Kama baiskeli ina shokapu ya nyuma, keti juu yake kwanza uone: katika fremu nyingi cheni hukaza shokapu inapobonyea, kwa hiyo iache na ulegevu, na ukanyage kwa upole. Viungo vya akiba viwe viwili na vya idadi ya gea zako. Cha gea 11 hakifai kwenye 12.

SWALI: Nakuja kutoka Nairobi, nitakodi baiskeli. Kuna la kuangalia? – *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Breki. Ufaransa breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kushoto. Ukiwa umezoea ya mbele kulia, utabana vibaya kwenye mteremko na kuruka juu ya usukani. Mwombe fundi azibadilishe, au zunguka uwanjani nusu saa kabla ya kwenda porini. Barabarani utakaa kulia, na katika vijiji visivyo na alama, gari linalotokea kulia kwako ndilo lenye haki ya kupita, hata likitoka kichochoroni.

SWALI: Nimekutana na kibao cha *Chasse en cours* (uwindaji unaendelea). Nirudi? – *Msomaji, Auxerre*

JIBU: Ndiyo, au umwulize mwindaji wa kwanza utakayemwona njia ipi iko huru. Ni msako wa nguruwe mwitu au paa, na bunduki hizo zinafika mbali. Msimu kwa kawaida ni Septemba hadi mwisho wa Februari, Jumapili ndiyo siku yenye shughuli. Vaa fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa. Nyeusi na kahawia ziache nyumbani. Usikatize kichakani.

SWALI: Kupe je? – *Msomaji, Lyon*

JIBU: Wapo, na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme. Jioni jikague nyuma ya magoti, kinenani, kwapani. Mtoe kwa ndoano maalumu inayouzwa duka la dawa, karibu kabisa na ngozi, ukizungusha. Usimpake mafuta wala petroli. Safisha, andika tarehe, na tazama mahali hapo kwa siku 30. Doa jekundu linalopanuka ni la daktari, hata kama haliumi.

SWALI: Maji ya kunywa yapatikana wapi njiani? – *Msomaji, Brussels*

JIBU: Makaburini. Karibu kila makaburi ya kijiji yana bomba la kumwagilia maua, ila soma kwanza: *eau non potable* maana yake usinywe. Mtoni usinywe, hata maji yakiwa maangavu, kwani upande wa juu wa mto ng'ombe weupe wa Charolais wanalala ukingoni. Chakula nunua Jumamosi. Jumapili mchana na Jumatatu maduka mengi ya vijijini yamefungwa.