Maswali ya Wasomaji: Tangazo Linataja Kuvuta, Kibandiko Kinataja Kubeba

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani, ambako familia zinanunua tela za kulala kwa ajili ya likizo za kiangazi. Moja imetoka Arusha. Majibu tumeyaandika kwa ratili kwa walioko Marekani, maana ndivyo vibao vya huko vinavyoandikwa. Ratili 1,000 ni kama kilo 454.

SWALI: Sisi ni watu watano, tunaishi Des Moines, Iowa. Tumependa tela ambalo likiwa tupu lina ratili 6,200, na bati lake linasema likijaa lisizidi 7,600. Nimepata Ford F-150 ya milango minne, injini ya EcoBoost ya lita 3.5, na tangazo linasema inavuta zaidi ya ratili 11,000. Kibandiko cha mlangoni kimeandikwa 1,480, lakini muuzaji anasema hicho ni cha mizigo ya nyuma tu, hakihusiani na tela. Ninunue? – *Baba wa watatu*

JIBU: Kwa tela hilo, usiinunue. Muuzaji amekupotosha hapo hapo penye jambo kubwa kuliko yote.

Kibandiko kile kinataja jumla ya kila kitu kinacholikalia gari: dereva, abiria, mizigo, na pia uzito ambao tela linauegemeza kwenye ndoano. Tela la kulala la Marekani linatakiwa liegemeze asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake juu ya ndoano. Ukipunguza hapo, linayumba. Kwa hiyo uzito huo si wa hiari, na gari ndilo linaloubeba.

Tupige hesabu ya nyumba yako. Usitumie 6,200, kwa sababu uzito wa tela tupu ni wa siku lilipotoka kiwandani. Tangi la maji la galoni 40 peke yake ni ratili 334. Mitungi miwili ya gesi ikijaa inakaribia 75. Ongeza betri, sufuria, vyakula, magodoro, viti vya nje na nguo za watu watano. Tela la familia huongezeka ratili 1,000 hadi 1,500 kwa urahisi, ndiyo maana sisi hupiga hesabu kwa ile 7,600 ya kwenye bati. Asilimia 13 ya 7,600 ni kama 990. Ndoano ya kugawa uzito, ile yenye fito zinazorudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele ya gari, yenyewe tu ni kama 90. Baba 200, mama 165, watoto watatu tuseme 270: hao ni 635. Kasha la barafu, zana na kifuniko cha nyuma, 150. Jumla ni 1,865. Kibandiko kimesema 1,480. Umezidisha ratili 385, na bado hujafika hata asilimia 70 ya uzito ambao tangazo linadai gari linauvuta.

Tangazo halikudanganya. Tangu Toyota ilipoanza na Tundra ya 2011, watengenezaji waliingia mmoja mmoja katika kipimo cha pamoja cha uwezo wa kuvuta tela, kiitwacho SAE J2807. Sehemu yake moja ni mlima wa Davis Dam, barabara ya 68 ya Arizona: gari lenye matairi mawili nyuma lipande na tela, kiyoyozi kikiwaka, bila kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Ni mtihani mgumu kwa injini na kwa upoozaji. Ila ndani wanahesabiwa watu wawili wa ratili 150 kila mmoja, na tela linaegemeza asilimia 10 tu. Watoto wako hawamo katika hesabu ile.

Ukiing'ang'ania F-150 hiyo, anza na kibandiko urudi nyuma: 1,480 toa 635, toa 90, toa 150, zinabaki 605. Gawanya kwa 0.13, unapata tela ambalo likijaa halizidi ratili 4,650 hivi. Ukiling'ang'ania tela, tafuta gari lenye kibandiko cha 2,000 au zaidi. Usiangalie jina la gari wala mwaka peke yake. F-150 mbili za mwaka mmoja, zilizoegeshwa ubavu kwa ubavu, hutofautiana ratili mia kadhaa, kwa sababu paa la kioo, viti vya umeme, rimu kubwa na mfumo wa kuendesha magurudumu manne vyote vinakatwa kutoka kwenye kibandiko. Gari lenye mapambo machache hubeba zaidi.

Ngazi ya juu yake ni pikapu nzito za namna ya F-250, Ram 2500 na Silverado 2500. Hapo chukua ya petroli kwanza. Injini ya dizeli ni nzito, na zipo za dizeli zenye mapambo mengi ambazo kibandiko chake hakifiki 2,500, kwa kuwa uzito wa juu wa gari zima umewekwa ratili 10,000. Mtu analipa pesa nyingi zaidi na anabeba kidogo zaidi. Dizeli inastahili bei yake kwa anayevuta tela kubwa milimani mara kwa mara.

Kitu cha mwisho: chuchumaa nyuma ya gari usome bati la ndoano yenyewe. Kwenye F-150 utakuta namba mbili. Bila fito za kugawa uzito, mwisho ni tela la ratili 5,000 na 500 juu ya ndoano. Namba kubwa ni ya mwenye fito.

SWALI: Niko Dallas. Tela langu lina ratili 5,600 na halikuwa na shida. Tangu tufunge baiskeli nne kwenye bampa la nyuma ya tela, kila lori kubwa likitupita tela linaanza kucheza kushoto na kulia. Shemeji anasema ninunue kizuia mchezo. – *Mama wa baiskeli*

JIBU: Shemeji asikukasirikie, lakini zishushe baiskeli kwanza. Baiskeli nne na kibebeo chake ni kama ratili 180. Tuseme zimekaa futi 12 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi ndoano ni futi 15. Ni pembea: uzito wa nyuma unainua mbele. 180 mara 12, gawanya kwa 15, ni ratili 144 ulizoziondoa kwenye ndoano. Kama awali ilikuwa na 620, sasa ina 476, huku tela zima limepanda hadi 5,780. Umetoka asilimia 11 ukaingia 8. Hapo upepo wa lori unatosha kulianzisha, na fito za kuzuia mchezo zitaficha ugonjwa mpaka siku ya mteremko. Tena mabampa mengi ya tela ni bomba jembamba lililochomelewa kwa ajili ya mpira wa maji machafu tu, halikutengenezwa kubeba baiskeli. Zilaze nyuma ya pikapu, au ndani ya tela juu ya ekseli.

Uzito wa ndoano unaweza kuupima nyumbani kwa mizani ya bafuni. Tela likae tambarare, urefu ule ule wa safarini, magurudumu yamezibwa kwa magogo. Chukua ubao imara. Upande mmoja ulalie kipande cha bomba juu ya tofali, upande wa pili ulalie bomba jingine juu ya mizani. Rudisha mizani kwenye sifuri ubao ukiwa juu yake. Shusha mguu wa jeki ya tela juu ya ubao, futi 1 kutoka kwenye tofali na futi 2 kutoka kwenye mizani. Unachosoma zidisha kwa 3.

Tangi la maji nalo liangalie liko wapi. Likiwa mbele ya ekseli, kulijaza kunaongeza uzito wa ndoano. Likiwa nyuma, kunapunguza. Matairi ya tela yajazwe hadi kipimo cha juu kilichoandikwa ubavuni, yakiwa baridi, na kumbuka kwamba ya aina ya ST, yaani yaliyotengenezwa kwa tela tu, mwisho wake ni maili 65 kwa saa kama hayakuandikwa kasi nyingine ubavuni. Kupiga 75 Texas kwa sababu kibao kinaruhusu ni kuyaua.

Likianza kuyumba ukiwa njiani: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki ya gari. Kwa mkono, sukuma swichi ya kidhibiti cha breki za tela kilichoko ndani ya gari. Breki za tela zikishika peke yake, tela linavutwa nyuma na kunyooka. Ukikanyaga breki ya gari, tela linakusukuma kutoka nyuma na hali inakuwa mbaya zaidi. Mwonyeshe swichi hiyo kila anayeendesha kabla hamjaondoka nyumbani.

SWALI: Kwa milima ya Colorado, V8 ya kawaida (silinda nane) au injini ndogo yenye tabo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini? – *Denver*

JIBU: Yenye tabo. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Handaki la Eisenhower kwenye barabara kuu ya I-70 liko futi 11,158 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo nguvu farasi 400 za pwani zinafika pale zikiwa kama 270. Tabo hurudisha sehemu kubwa ya hewa inayokosekana. Lakini wanaoumia Colorado huumia zaidi wakishuka. Bonyeza kitufe cha kuvutia mzigo, punguza gia *kabla* ya mteremko, na breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha ziachwe zipoe. Mguu ukikaa juu ya breki muda wote, zinachemka na mwisho hazishiki. Hapa ndipo dizeli yenye breki ya ekzosi inapojilipa.

SWALI: Niko Arusha, nina Hilux ya dizeli ya 2.8, milango minne. Ndugu yangu aliyeko Marekani anataka kunitumia tela dogo la kulala kwenye kontena. Fundi amenishauri nifunge springi za hewa nyuma ili gari libebe zaidi. – *Mpenda porini*

JIBU: Fundi kwanza. Springi za hewa zinainua makalio ya gari, haziongezi uzito unaoruhusiwa hata kilo moja. Kwenye pikapu ya milango minne ni hatari zaidi: zinasukuma chesi juu mahali pamoja, wakati tela linaikandamiza kutoka mbali nyuma ya ekseli. Kila korongo la barabara ya vumbi ni nyundo. Chesi hukunjika hapo nyuma ya kebini, na jambo hili limetokea kwa pikapu za aina nyingi. Punguza mzigo.

Tela la Marekani lina mambo yanayokusubiri. Mlango wake uko kulia, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo watoto watateremkia upande wa magari yanayopita. Breki zake ni za umeme na hazifanyi kazi bila kidhibiti ndani ya gari, wakati tela nyingi zinazotoka Afrika Kusini zina breki zinazojishika zenyewe tela linaposukuma mbele. Plagi ya taa si sawa. Kikombe chake, kama ni cha inchi 2, ni milimita 50.8, mpira wa chuma unaouzwa kwetu ni wa 50. Kitakaa, kitafunga, utadhani kimeenea, na ile nafasi ndogo inatosha kukifanya kigonge, kiliwe, na siku moja kichomoke kwenye matuta. Badilisha mpira ufanane na kikombe. Halafu soma uzito wa ndoano unaoruhusiwa kwenye bati la gari lako: tela la Marekani huegemeza zaidi kuliko lililosanifiwa kwa ndoano za Ulaya.

Kwa ushauri wetu, kama safari zako ni za Ngorongoro na Natron, tafuta la Afrika Kusini. Limejengwa kwa barabara kama hizo, na springi zake fundi wa Arusha anazijua.

SWALI: Pikapu iliyotumika nitajuaje kama imechoshwa kwa kuvuta? – *Houston*

JIBU: Chomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi kama kipo: mafuta yakiwa meusi na yananuka kuungua, ondoka. Tazama tundu la ndoano: kingo zilizopanuka, rangi iliyopasuka kwenye maungio, boliti zenye kutu mpya. Plagi ya pini 7 iwe haina kutu ya kijani. Uliza kama kidhibiti cha breki ni cha kiwandani. Uwiano wa difu ujue kwa msimbo wa kibandiko, si kwa mdomo wa muuzaji: 3.73 huvuta kwa raha kuliko 3.31.

SWALI: Nimeshanunua vyote viwili. Nitathibitishaje kwamba niko salama? – *Columbus, Ohio*

JIBU: Nenda mizani ya malori kwenye kituo cha mafuta, ile yenye majukwaa matatu. Tangi la mafuta lijae, familia yote iwe ndani, tela limepakiwa kama la safari. Pima mara tatu: fito za kugawa uzito zikiwa zimefungwa, kisha zikiwa zimelegezwa, kisha pikapu peke yake. Uzito wa pikapu wa mara ya pili ukiutoa wa mara ya tatu, unapata uzito wa ndoano. Jumla ya mara ya kwanza ukiutoa wa pikapu peke yake, unapata tela.

Kisha angalia ekseli ya mbele. Tuseme pikapu peke yake ina 3,300 mbele, na bila fito imeshuka hadi 2,900: stiaringi imepungukiwa ratili 400. Fito zikifungwa isome angalau 3,100. Ikibaki 2,950, ongeza mkazo wa fito au inamisha kichwa cha ndoano nyuzi chache, urudi tena kwenye mizani. Ekseli ya nyuma nayo ilinganishe na kikomo chake cha kwenye kibandiko, pamoja na namba ya mzigo ya tairi. Nati za magurudumu ya tela zikazwe upya kwa spana yenye kipimo baada ya maili 50 za kwanza.