Maswali ya Wasomaji: Adapta ya Kompyuta Ndogo

Swali: Mhariri, nina kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi 4 ninayoitumia kuwaonyesha wanafunzi wa masomo ya jioni video za hesabu. Ninaiwasha kwa chaja ya simu ya volti 5 na ampea 2. Kila nikichomeka diski ya nje, alama ya radi hutokea kwenye pembe ya kioo, kisha mashine hujizima na kujiwasha upya. Fundi amenionya kwamba adapta ya ampea 3 itaiunguza. Ninunue ipi?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Jibu: Ndugu msomaji, fundi wako amechanganya volti na ampea, na wala si yeye peke yake. Volti zikizidi ndizo zinazounguza. Ampea zilizoandikwa kwenye adapta ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, na kompyuta huchota kiasi inachokihitaji tu.

Raspberry Pi 4 imekusudiwa adapta ya volti 5.1 na ampea 3, yaani wati 15 hivi. Yako inatoa wati 10, ilhali diski ya nje inaweza kudai karibu ampea nzima inapoanza kuzunguka. Alama ya radi ni onyo kwamba umeme unaoifikia mashine umeshuka hadi karibu volti 4.6.

Hata hivyo, usibadili adapta ukabaki na waya uleule. Waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.2, ukipitisha ampea 3, hupoteza volti 0.6 njiani, na zile volti 5.1 hufika zikiwa 4.5. Simu huvumilia upungufu huo kwa kuwa ina betri yake, nayo huchelewa kujaa tu. Kompyuta yako haina pa kuegemea. Kwa sababu hiyo ningechagua adapta ambayo waya wake mfupi na mnene umeungwa humohumo, wenye kichwa cha USB-C.

Dukani, usivutiwe na chaja iliyoandikwa wati 65 kwa herufi kubwa. Soma maandishi madogo kwenye mstari wa volti 5, kwani wati hizo nyingi hupatikana kwenye volti 20, ambazo mashine yako haiziombi. Yale masanduku ya chuma ya kuwashia taa za mabango yana nguvu ya kutosha, lakini skrubu zake za volti 230 huwa wazi, na wewe una watoto chumbani.

Ukihamia Raspberry Pi 5 baadaye, tafuta adapta ya ampea 5. Ukiiwasha kwa ampea 3 itafanya kazi, ila matundu yake yote ya USB yatagawana ampea 0.6 tu, na diski yako itagoma tena.