Maswali ya Safari: Kulala Nyikani Uswidi, na Nani Abebe Mzigo?

*Shikamoo Bi Msafiri. Mimi ni mkaaji wa Tudor, umri wangu miaka 29, nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Dada yangu ameolewa Gothenburg, na shemeji amenilipia nafasi katika kikundi kitakachotembea milimani kaskazini mwa Uswidi mwishoni mwa Agosti, kutoka Abisko hadi Nikkaluokta, siku nane, pamoja na kiongozi. Karatasi waliyonitumia yasema tutapiga mahema popote patakapofaa, si kwenye kambi maalumu. Mama hataki kusikia. Asema kulala kwenye ardhi ya mwenyewe bila ruhusa ni kutafuta jela, tena huko kuna baridi, wanyama na majini. Mimi sijawahi kulala ndani ya hema wala kuona theluji. Mlima wangu ni ngazi za ofisini. Je, kulala hivyo kwaruhusiwa kweli? Baridi nitaiweza? Swala nitafanyaje? Na nibebe nini?*
Msichana wa Tudor

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta swali ambalo hukuliuliza: nani atabeba? Sisi wa huku tukisikia safari ya mlimani yenye kiongozi, akilini tunaiona Kilimanjaro. Wapagazi wametangulia na mahema, mpishi keshachemsha chai, nawe wafuata nyuma na chupa yako ya maji. Huko uendako hakuna mpagazi hata mmoja. Kiongozi anajua njia, anasoma mawingu, anaamua mto uvukwe wapi na hema lisimame wapi, na ana sanduku la dawa. Mzigo wake anaubeba mwenyewe, na wako ni wako: nusu ya hema (nusu nyingine kwa mwenzako), begi la kulalia, jiko, nguo, chakula cha siku kadhaa. Jumla hufika kilo 15, na mara nyingine huzidi. Ule mtungi wa lita 20 unaoujua, siku mifereji ikikauka Tudor, ujaze robo tatu, uufunge mgongoni, utembee nao hadi Mtwapa. Kesho yake urudi. Ndiyo kazi yenyewe. Njia nzima ni kama kilomita 105.

Nilipokwenda mimi, kiongozi wetu alikuwa mama mfupi wa makamo, soksi zake zina viraka visiginoni. Kabla hatujaondoka Abisko alitandika turubai kwenye nyasi akataka kila mtu amwage alichobeba. Mjerumani mmoja alitolewa suruali mbili za jinzi na kitabu kinene. Mwingine alinyang'anywa chupa nzima ya sabuni, akamiminiwa kidogo kwenye kichupa cha dawa ya macho. Kwangu akashika leso, akauliza ya nini. Nikamweleza: taulo, ushungi, pazia la kubadilishia nguo, mswala, na usiku naikunja nailalia kichwa. Akaipima mkononi, kisha akairudisha begini mwenyewe. Beba leso, mwanangu. Moja.

Sasa mazoezi, na uyaanze wiki hii. Anza na kilo tano asubuhi na mapema, Barabara ya Mama Ngina, jua halijawa kali, uongeze polepole. Hizo ngazi za ofisini usizidharau. Panda na ushuke ukiwa na begi, maana kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Ukipata Jumamosi nenda Shimba Hills, uteremke hadi maporomoko ya Sheldrick na upande tena kwenye lile joto. Ukirudi juu utajua begi limekaa vizuri au linakukata mabega. Na ukiweza, nenda Taita ukapande Vuria. Vuria una mita 2,208, umeupita mlima mrefu kuliko yote ya Uswidi, Kebnekaise, ambao hata mita 2,100 haufiki. Njia yenu yenyewe inapopanda zaidi, pale Tjäktja, ni mita 1,150 hivi. Kwa hiyo lile gonjwa la kichwa na kutapika linalowashika watu Kilimanjaro usiliwaze. Mazoezi yote hayo yafanye na buti zile zile utakazosafiri nazo. Buti mpya za dukani siku ya kwanza ya safari ni malengelenge ya siku nane.

Tuje kwa mama. Ana haki ya kuuliza, lakini mwambie hakuna jela. Uswidi kila mtu, hata mgeni, anaruhusiwa kutembea na kupiga hema usiku mmoja au miwili kwenye ardhi isiyo yake, ilimradi awe mbali na nyumba za watu, asiharibu kitu, na asiache taka. Ni desturi ya zamani, na tangu 1994 imetajwa katika katiba yao. Norway wana sheria yao ya 1957, nayo imeweka hata kipimo: hema liwe angalau mita 150 kutoka nyumba iliyo karibu. Ila usije ukadhani Denmark ni vivyo hivyo kwa kuwa ni majirani. Kule ni mahali palipotengwa tu. Na hilo neno "popote" la kwenye karatasi yenu lina mipaka yake pia. Mwanzo wa safari mtapita ndani ya hifadhi ya taifa ya Abisko, iliyotengwa mwaka 1909, na humo mahema hupigwa penye sehemu zilizowekwa tu. Kiongozi atajua. Mkishatoka nje ya mpaka wa hifadhi ndipo uhuru unapoanza.

Ardhi hiyo pia ni malisho ya Wasami, wenyeji wa kaskazini, wanaofuga wale wanyama wa pembe za matawi, jamii ya kulungu. Mkikutana na kundi, simameni au mkae chini lipite. Ukilifukuza kwa ajili ya picha, umemwongezea mtu kazi ya siku nzima. Dubu wapo Uswidi, lakini huwakwepa watu. Mbu wapo wengi mwezi wa Julai, wala hawana malaria. Kufika mwisho wa Agosti wamepungua sana. Kuhusu majini, mama yako anazijua dua kuliko mimi. Mwache akusomee.

Baridi ndiyo nataka unisikilize vizuri. Mombasa usiku wa Julai, kusi ikivuma, watu wanajifunika shuka na kulalamika, na bado ni nyuzi 20 hivi. Kule mwisho wa Agosti mchana unaweza kuwa nyuzi 12, usiku ukagusa sifuri, na theluji ikaanguka asubuhi bila mtu kushangaa. Lakini baridi kavu mtu anaiweza. Kinachomwangusha mtu ni kulowa. Nguo ya pamba ikinyonya maji haikauki, nao upepo unakupoza hadi ndani. Kwa hiyo fulana za pamba na jinzi zibaki nyumbani. Mwilini vaa sufu nyembamba au poliesta, juu yake sweta, na juu kabisa koti na suruali za mvua zisizopitisha maji. Kisha weka seti moja kavu ya kulalia ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na usiivae mchana hata ukiwa umelowa chapachapa. Asubuhi utavaa tena zile mbichi, utalaani kwa dakika kumi, halafu mwendo utazikausha.

Na hizo sweta usinunue Ulaya kwa bei ya Ulaya. Nenda Kongowea asubuhi marobota ya mitumba yakifunguliwa. Sweta za sufu hazigombaniwi na mtu hapa Mombasa, nani azivae? Soma kilebo cha ndani kama ni sufu kweli, uinunue, uifue. Itakuwa imerudi kwao. Begi la kulalia na begi kubwa la mgongoni, kodisha. Uliza kwanza kampuni yenu, wengi hutoa na hema. Begi la kulalia huandikwa namba zaidi ya moja: moja ni ya mtu kulala raha, nyingine ni ya mtu kuponea tu. Wewe soma ya raha, na iwe chini ya sifuri. Chini yake weka godoro lile jembamba la sponji, maana ardhi huiba joto kuliko hewa. Huu ni ushauri wa mtu wa pwani kwa mtu wa pwani. Wenzako Waswidi watalala na dirisha la hema wazi, usiwaige.

Swala. Jua lisilozama huonekana Abisko kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai, kwa hiyo wewe utakuta linachwa, ila linachwa kwa kuchelewa, na mwanga hauondoki upesi. Wakati wa isha kule una kauli zaidi ya moja kwa masheikh; muulize imamu wako kabla hujaondoka, uende na jibu moja. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kuchanganya, na ana kupangusa juu ya khofu (soksi za ngozi) siku tatu na usiku wake, jambo utakalolishukuru kila alfajiri maji yakiwa yametoka kwenye barafu. Hapa tunaelekea kaskazini. Kule utaelekea kusini, ukiegemea mashariki kidogo. Beba dira ndogo, simu itaisha chaji.

Ukiandika kwa kampuni, sema mambo mawili waziwazi: huli nguruwe, na unataka kulala hema moja na mwanamke. Hawataona ajabu, ila wasipoambiwa hawatakisia. Chakula ni cha pakiti, kikavu, unakimwagia maji ya moto. Chagua cha samaki au mboga. Nyama na maziwa usibebe kutoka huku, Umoja wa Ulaya unakataza. Tende zinaruhusiwa bila cheti, na hata nazi, ingawa sitaki kumwona mtu akipanda Tjäktja na nazi. Beba tende, tangawizi ya unga na pilipili. Maji mtakunywa ya vijito, moja kwa moja, nayo ni matamu. Njiani kuna vibanda vya chama chao cha watalii, kilichoanzishwa 1885, na baadhi, kama Alesjaure na Sälka, vina kiduka na chumba cha mvuke. Hata mwenye hema hulipia akaingia. Ingia.

Choo: penye kibanda kuna vyoo vya shimo. Kwingine ni kijikoleo, shimo la shibri moja, mbali na maji, na karatasi unaifunga kwenye mfuko unarudi nayo. Siku zako zikikukuta ni vivyo hivyo, kila kitu kinarudi na wewe, kwa hiyo weka mifuko miwili ya kufunga vizuri.

Viza usiichelewe. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisipungue siku 15, ada ni yuro 90, na bima iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Waulize wa bima kama inagusa kutembea milimani. Shemeji akuandikie barua ya mwaliko, nawe uchukue ya likizo kazini.

*Bi Msafiri, mimi nimefika Lenana, Mlima Kenya, mita 4,985. Rafiki zangu wanataka twende Jotunheimen, Norway, na mahema yetu. Galdhøpiggen, mlima mrefu kuliko yote kule, una mita 2,469. Kiongozi wa nini?*
Mpanda Mlima, Likoni

Kaka, hongera ya Lenana, lakini pale ulikuwa na mtu mbele yako anayeijua njia. Galdhøpiggen una njia mbili zinazojulikana. Ukianzia Spiterstulen utapanda kwa miguu yako, mwinuko mrefu wenye mawe na vipande vya theluji, na watu wengi huenda bila kiongozi. Ukianzia Juvasshytta unavuka barafu ya Styggebreen, yenye nyufa zilizofunikwa na theluji, na hapo watu hufungwa kamba moja nyuma ya kiongozi. Hiyo ya pili usiijaribu peke yenu.

Kwa siku nyingine, njia za Norway zimewekwa alama ya T nyekundu kwenye mawe, na mkiwa na ramani ya karatasi na dira mtafika. Swali langu ni hili: ukungu ukishuka hamuoni T inayofuata, nani kati yenu anajua kuitumia hiyo dira? Kama mnatazamana, lipeni kiongozi. Kama yupo, nendeni, mkiangalia hali ya hewa kwenye Yr, tovuti ya utabiri ya huko, kila mnapopata mtandao, na siku ikiharibika msione haya kubaki hemani.

*Naweza kusafiri kwa ndege na mtungi mdogo wa gesi ya kupikia?*
Msomaji, Changamwe

Hapana, si mkononi wala kwenye sanduku la chini. Nunua ukifika, na kabla hujanunua hakikisha kichwa cha jiko lako kinaingia kwenye mitungi inayouzwa kule. Jiko lenyewe lisafishe vizuri lisiwe na harufu ya mafuta, na uwaulize shirika la ndege kabla ya kulifunga.