Fundi, ninunue filta ya waya wa mtandao?

Swali: Shikamoo fundi. Nimeunga strima, kile kifaa cha kupiga muziki wa mtandaoni, kwenye amplifaya ya zamani ya baba, nasikiliza kwa waya unaotoka kwenye ruta. Nikichomeka waya huo spika zinavuma “mmmm”, na usiku nyumba ikitulia ndiyo kero. Muuza vifaa ananishauri ninunue filta ya mtandao, laki tatu na nusu, eti mvumo utaisha na sauti za waimbaji zitakuwa tamu zaidi. Ni kweli?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Marahaba binti yangu. Muuzaji kakuchanganyia mambo mawili kwa bei moja.

Utamu kwanza. Muziki ukiwa ndani ya waya wa mtandao haujawa sauti bado. Ni tarakimu zilizofungwa kwenye vifurushi. Kifurushi kikifika kimeharibika hutupwa na kutumwa upya, na strima huweka akiba kabla ya kupiga. Wimbo ukiwa katikati, chomoa waya. Muziki utaendelea kidogo kwa akiba iliyomo. Kama mwimbaji ni yule yule huku waya umeushika mkononi, filta itamsafisha nini? Wala usiambiwe waya umezidiwa: muziki wa ubora wa CD usiobanwa unataka kilobiti 1,411 kwa sekunde, na waya wa kawaida wa Cat5e unaweza kubeba mara 700 ya hizo.

Mvumo ndio wa kushughulikia. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mngurumo mzito kama wako mara nyingi ni umeme huo ukizunguka kati ya vifaa vilivyoshikana kwa chuma, kila kimoja kikiwa na njia yake ya kwenda ardhini. Sasa, soketi ya mtandao ina vitransfoma vidogo ndani yake, vinavyotakiwa kuhimili volti 1,500, ili shaba ya huku isigusane na ya kule. Filta nyingi za aina hiyo ni transfoma zile zile zikirudiwa. Unauziwa ulichonacho!

Mbona basi spika zinavuma? Tazama vichwa vya waya wako. Kama vina ganda la bati, huo ni waya wenye ngao, yaani uliozungushiwa chuma ndani ya plastiki yake, na ngao inaunga bodi ya ruta na bodi ya strima moja kwa moja, transfoma zikiachwa pembeni. Nunua waya usio na ngao, UTP, wenye vichwa vya plastiki vitupu. Mita mbili ni bei ya soda chache.

Mvumo usipoisha, badilisha adapta ya ruta, au peleka muziki kwa Wi-Fi. Halafu king'amuzi: kama nacho kimeungwa kwenye amplifaya hiyo, chomoa kebo ya dishi. Mimi nikiitwa kwenye nyumba yenye mvumo naanza na kebo hiyo kabla hata ya kukaa, maana dishi limefungwa kwenye bomba la chuma nje, nayo ni njia nyingine ya kwenda ardhini, na hakuna anayelikumbuka.

Ila usimruhusu mtu akate waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, kwenye plagi. Wapo mafundi wanaofanya hivyo, na mvumo unaweza kuisha kweli. Siku amplifaya ikipata hitilafu, ganda lake litakuwa na volti 230 na wewe ndiye utakayeligusa.

Kama filta bado unaitamani, mwombe muuzaji akuazime usiku mmoja, ukitumia waya mpya. Mdogo wako awe anaiweka na kuitoa bila wewe kuona, mara kumi, nawe andika kila mara unachodhani. Ukipatia tisa, lipa.