Kivinjari ndani ya programu yako: kwanza kipangie pa kuweka vitu vyake

Programu yangu ya kwanza ya mauzo ya duka niliiandika kwa lugha ya C#, na ripoti zake zilikuwa kurasa za HTML. Nilizionyesha kwa kile kidirisha cha zamani cha kivinjari kinachokuja na .NET, jukwaa la Microsoft la kuundia programu. Grafu zikagoma. Siku mbili nzima nilikuwa nakagua JavaScript yangu, kumbe kidirisha kile hutumia injini (sehemu inayosoma na kuchora kurasa) ya Internet Explorer, na usipokiwekea mpangilio wake kwenye rejista ya Windows, hufanya kazi kama toleo la 7, la mwaka 2006!

Nikahamia WebView2, kidirisha kipya cha Microsoft chenye injini ileile ya kivinjari cha Edge. Kwangu ikaenda vizuri. Kwa mteja, dirisha jeupe tupu, naye amesimama pembeni anasubiri.

Chanzo ni hiki. WebView2 inahitaji folda ya kuwekea vidakuzi, kashe na data nyingine. Usipoitajia folda hiyo, huitengeneza palepale lilipo faili la programu. Mimi nilikuwa naiendesha kutoka folda yangu ya kazi. Kwa mteja ilisakinishwa Program Files, ambako mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Kodi ya programu yangu nayo ilimeza hitilafu kimyakimya. Dawa ni mistari michache tu: elekeza folda hiyo LocalAppData, mahali ambapo Windows huweka data ya programu za kila mtumiaji, kabla ya kuiwasha injini. Na tafadhali, jaribu programu kwa akaunti isiyo ya msimamizi, kwenye kompyuta ambayo hujawahi kuandikia kodi.

Windows 11 huja na WebView2 tayari. Kwenye Windows 10 usibahatishe: kisakinishi kidogo cha WebView2 hupakua injini mtandaoni, kwa hiyo kama dukani hakuna bando, nenda na kisakinishi kamili kwenye flashi. Kuifungasha injini ndani ya programu yako kunawezekana, lakini huongeza zaidi ya MB 250, na masasisho yote ya usalama yanakuwa mzigo wako. Mimi sikushauri.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni usalama. Ukiiruhusu JavaScript ya ukurasa iite kodi yako ya C#, umeipa njia ya kufikia mafaili na hifadhidata ya mteja. Basi kila ukurasa unapotaka kufunguka, kagua anwani yake kwenye tukio la NavigationStarting. Kama si wako, usitishe, kisha ufungulie kwenye kivinjari cha kawaida cha mtumiaji.