Goti na ligamenti iliyokatika: maswali kutoka Bukavu

Niligeuka ghafla na mpira, nikasikia "tak" gotini, likavimba jioni ileile. Sasa wiki ya nne, haliumi tena na natembea vizuri. Nirudi uwanjani? (Kadutu)

Hapana, mdogo wetu. Mlio huo, na uvimbe uliokuja ndani ya saa chache, mara nyingi ni dalili ya damu gotini, na ligamenti ya msalaba ya mbele (kamba ya ndani ya goti inayozuia muundi kuteleza mbele) ndiyo ya kwanza kushukiwa. Kutembea tu hakuihitaji sana; kugeuka na kutua baada ya kuruka ndiko kunaihitaji. Goti likikuchomoka kila mara, meniski (gegedu lililo kama mto kati ya mifupa ya goti) nayo inaweza kupasuka. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi ligamenti, basi usitulizwe na "picha ni safi". Mwone daktari alikunje goti nyuzi 20 hadi 30 na kuuvuta muundi mbele. IRM (picha ya sumaku inayoonyesha ligamenti) ikipatikana, vizuri zaidi. Kukandwa na kuvutwa mguu mtaani hakuungi ligamenti.

Nimefanyiwa oparesheni ya kupandikiza ligamenti siku kumi zilizopita. Nalala na mto chini ya goti, lakini haliwezi kunyooka. (Ibanda)

Dada, ondoa huo mto leo. Weka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, goti lining'inie dakika 10, mara 5 au 6 kwa siku. Kati ya hizo kaza msuli wa mbele wa paja sekunde 5, mara 10. Kunyooka kabisa ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya kukunja: goti lililobaki limepinda linakufanya uchechemee, na msuli wa paja unazidi kulala. Shavu la mguu likivimba na kuuma, ukipata homa, au kidonda kikitoa maji, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Miezi mitatu baada ya oparesheni. Hapa kwetu hakuna jimu. Nijenge paja na nini? (Bagira)

Na ngazi, kiti na mkoba wa mgongoni. Keti na kusimama kwa mguu mmoja, panda kipandio cha sentimita 15 hadi 20, inua nyonga ukiwa umelala chali: seti 3 za mara 8 hadi 12, siku tatu kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati. Zikiwa nyepesi, tia mchanga kilo 5 mkobani. Milima ya mji wetu ni mazoezi ya bure, ila kushuka kunalibebesha goti zaidi kuliko kupanda, tena matope ya mvua hayana huruma. Kwa hiyo panda kwa miguu, shuka kwa pikipiki. Asubuhi pima goti: likiwa limevimba, punguza mzigo wa mkobani.

Ni mwezi wa sita tangu oparesheni. Kocha ananihitaji kwa mechi ya Jumapili. (Kadutu)

Mwambie asubiri. Mkano uliopandikizwa mahali pa ligamenti bado haujakomaa. Utafiti wa wanamichezo uliotoka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kungoja, mpaka wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Na hata mwezi wa tisa si kibali peke yake. Ruka kwa mguu mmoja, utue umesimama imara, upime sentimita: mguu mzima ukifika 150, uliofanyiwa oparesheni ufike angalau 135, yaani asilimia 90. Pima pia nguvu za paja, maana kuna wanaoruka mbali kwa kutumia nyonga huku paja likiwa bado dhaifu. Mtu akutazame kwa mbele: goti likiingia ndani unapotua, hujawa tayari. Ukipita yote, anza mazoezi bila kugusana, halafu mazoezi kamili na timu kwa wiki kadhaa, ndipo dakika 15 au 20 za mechi.

Binti yangu anacheza basketi. Nimnunulie bandeji ya goti ili asiumie? (Nguba)

Mama, bandeji haizuii ligamenti kukatika. Wasichana huumia hivi zaidi ya wavulana, kwa hiyo fedha hiyo iache na umwombe kocha muda: dakika 20 za mazoezi ya kuruka, kutua na kusimama kwa mguu mmoja, angalau mara mbili kwa wiki, kabla ya mpira kutolewa.