Usiruke Siku za Mionzi: Nilichojifunza Nikimuuguza Mama

Mama alipokuwa katika wiki ya tatu ya tiba ya mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi, dada yake alifariki kijijini, nami nikamsindikiza msibani bila kumuuliza daktari. Alikosa siku 4. Tuliporudi, daktari hakutugombeza, bali alichukua karatasi akachora nyuzi mbili za DNA, yaani molekuli inayobeba maelekezo ya seli, akanieleza jambo ambalo ningependa kila anayeuguza alijue mapema.

Mionzi huua seli kwa kukata DNA yake. Kipimo cha kawaida cha siku moja ni grei 2 (grei ni kizio cha dozi ya mionzi), na kila grei 1 hukata nyuzi zote mbili mara 20 hadi 40 hivi ndani ya seli moja. Hata hivyo seli ina mafundi wake: protini za Ku hushika ncha zilizokatika, protini ya ATM hupiga mbiu ya hatari, na nyingine iitwayo RAD51, ikisaidiwa na protini ya BRCA2, huongoza ukarabati kwa kufuata nakala nzima ya DNA. Seli nyingi za saratani hukarabati vibaya kuliko seli zenye afya, ndiyo maana dozi hugawanywa siku hadi siku; lakini siku zikirukwa, seli za saratani zilizosalia hupata nafasi ya kuzaana upya. Tiba nzima, pamoja na mionzi ya ndani (ile ambayo chanzo chake huwekwa ndani ya mwili, karibu na uvimbe), inatakiwa iishe ndani ya wiki 8.

Dripu ya kila wiki ya cisplatin, dawa ya saratani inayotolewa pamoja na mionzi, nayo isikoswe, kwa kuwa dawa hiyo hujibandika kwenye DNA na kuutatiza ukarabati. Watafiti sasa wanajaribu dawa za kuzuia protini zenyewe za ukarabati, kama ATM na nyingine iitwayo PARP, ingawa ugumu ni mkubwa, maana seli zenye afya nazo huzitegemea protini hizohizo.

Kwa hiyo msiba ukitokea, ndugu wengine wamwakilishe mgonjwa, na mkikwama kwa lolote, pigeni simu hospitali siku hiyohiyo. Mama alifidiwa kwa kupewa mionzi mara mbili siku za Ijumaa, asubuhi na alasiri. Tulikaa kwenye benchi saa 6 katikati, muda ambao seli zake zenye afya zilihitaji ili zijikarabati.